Shajara ya mradi: kutafuta sapozitori isiyoyeyukia mkobani, Moshi

11 Januari

Naanza kuandika leo kabla sijasahau nilianzia wapi. Huu ni mradi wangu wa mwaka wa mwisho wa famasi na nimechagua mafuta ya mbegu za mimea kama besi (kile kitu kinachobeba dawa na kuipa umbo) ya sapozitori, yaani ile dawa ya kuweka nyuma, kwenye njia ya haja kubwa. Wenzangu wengi wamechukua vidonge na sirapu, mimi nimechukua hii kwa sababu ya jirani yetu hapa Majengo.

Mwaka jana mwezi wa pili mtoto wake alishikwa na homa huko Kahe kwa bibi yake, kila anachomeza anatapika, yule mama akanunua mjini dawa ya homa ya kuweka nyuma, akaitia mkobani, akapanda Hiace na lile jua la saa nane unalijua lilivyo, kufika Kahe anafungua pakiti inatoka kama mafuta ya kupikia. Akarudi akaniuliza, "Mwanangu, ina maana wameniuzia feki?" Nikaisoma ile pakiti yote, haikuwa feki mama wa watu, imeandikwa wazi itunzwe chini ya nyuzi 25. Sasa Moshi mwezi wa pili nyuzi 25 mchana unazipata wapi kama huna friji?

Na kinachoniuma zaidi ni kile anachofanya mtu baada ya hapo. Unaipeleka kwenye maji baridi inaganda tena, unaona imerudi sawa. Haijarudi. Paracetamol haiyeyuki kwenye mafuta, imo mle kama unga uliosambaa, mafuta yakiwa maji ule unga unazama upande mmoja, halafu mama anaikata nusu kwa sababu mtoto ni mdogo. Nusu moja ina dawa nyingi, nusu nyingine mafuta matupu. Ndo maana nasema besi sio kitu cha pembeni kwenye hii dawa, besi ndo kazi yenyewe.

Ninachotaka ni kitu kinachobaki kigumu kwenye joto la 33 na kinachoyeyuka kikikutana na 37 ya mwili. Nyuzi nne tu hapo katikati!

18 Januari

Nimekusanya mafuta. Siagi ya kakao nimepata kwa mama anayeuza malighafi za vipodozi karibu na soko la Mbuyuni, kilo moja, anasema kakao yenyewe ni ya Kyela. Mafuta ya nazi yapo kila mahali lakini yanayeyuka kwenye 24 hivi, hapa kwetu yanashinda maji mchana kutwa, hayo ni ya kulainishia tu. Kweme pia nilizifikiria, maana sisi Uchaggani kweme tunazijua, ndo anapewa mama aliyejifungua apate maziwa, na kiini chake kimejaa mafuta kupita kiasi, ila mafuta yake hayagandi, kwa hiyo kama besi hapana. Bibi yangu nilipomwambia hazifai alinuna kidogo, nikamwelewesha kwamba hazifai kwa kazi hii moja tu.

Wagombea waliobaki ni kakao, embe na msambu.

Msambu kwa wasioujua ni mti wa misitu ya milima ya mashariki, Usambara, Uluguru na Udzungwa, kitaalamu Allanblackia stuhlmannii, tunda lake kubwa la kahawia linaning'inia kama furushi, ndani mbegu kibao. Wazee wa Amani na Muheza wamekamua mafuta yake kupikia na kutengenezea sabuni tangu zamani. Mafuta yake zaidi ya nusu ni asidi ya steariki na karibu yote yaliyobaki ni oleiki, ndo maana yanakuwa magumu kama mshumaa na kuyeyuka kwake ni zaidi ya 40. Binamu yangu yuko Muheza, nimemtumia hela ya mbegu na ya basi.

25 Januari

Embe limenishinda, naandika ili mwingine asipoteze wiki kama mimi.

Niliomba kokwa kwa vijana wa juisi, wakanipa gunia zima bure, wanazitupa tu. Nimezianika, nimevunja ganda moja moja kwa nyundo, nikapata karibu kilo moja ya viini, nikatwanga, nikachemsha kama watu wanavyochemsha mbegu za mafuta ili mafuta yaelee juu niyaengue. Baada ya robo saa sufuria limekuwa uji. Uji kabisa, mzito, unapuliza mapovu kama uji wa msiba, na tone la mafuta hamna. Kiini cha embe sehemu yake kubwa ni wanga, mafuta ni kama moja ya kumi, ukitia maji ya moto wanga unavimba na kuyafungia mafuta ndani.

Supavaiza akaniruhusu nitumie hekseni maabara, kimiminika cha kemikali kinachoyeyusha mafuta na kuyatoa kwenye unga, kwenye gramu 50 za unga mkavu nikapata gramu 4 na kidogo, meupe, laini, mazuri sana kwa kuyaangalia. Na hayajaanza leo kuheshimika, sheria ya chokoleti ya Umoja wa Ulaya inataja mafuta sita ya mimea yanayoruhusiwa kuongezwa kwenye chokoleti hadi asilimia 5 na kiini cha embe kimo, pamoja na shea. Lakini hekseni kwenye dawa ya mtoto unatakiwa uthibitishe imetoka yote, na hicho kipimo hapa chuoni hatuna. Nimeyaweka kwenye chupa na lebo, nimeachana nayo kwa sasa. Yanauma maana kila msimu wa maembe mji huu unatupa malundo ya kokwa.

1 Februari

Mbegu za msambu zimefika na basi la Tanga, kilo mbili na nusu, kavu, nyekundu nyekundu. Nilivyoikata moja kwa kisu ikakatika kama sabuni ya kipande na kisu kikabaki na utando mweupe. Nikajua hapa kuna mafuta.

Nimetwanga kwenye kinu cha nyumbani (mama kanipa kile cha zamani, kipya amekataa), nikachemsha masaa matatu na nusu kwa moto mdogo, yakaelea yenyewe bila shida, nikaengua, nikachuja kwa kitambaa, nikayapasha tena taratibu mpaka maji yakaisha kulia ndani. Nimepata gramu 790. Asubuhi sufuria nimelipindua na bonge limetoka zima kama jibini, jeupe limepiga kwenye krimu, harufu kwa mbali kama ya karanga mbichi. Nimelipiga picha nikamtumia binamu.

8 Februari

Leo siku mbaya. Nimeyeyusha siagi ya kakao yenyewe tupu ili nipate ya kulinganishia, nimemimina kwenye kalibu ya matundu 12 ya gramu moja moja, nimeweka friji nusu saa, nimetoa, zimetoka nusu zimebaki nusu, zilizotoka ukizishika vidoleni zinaisha. Chumba kilikuwa nyuzi 26! Siagi ya kakao inatakiwa ikae mpaka 34.

Nikaona moja kwa moja nimeuziwa mali iliyochanganywa. Jioni nikapita kwa yule mama wa malighafi nikamwambia, kwa heshima lakini nikamwambia, kwamba mama hii siagi ina mafuta mengine ndani. Akasema, "Baba, mimi nanunua gunia linafunguliwa mbele yangu, sijaongeza kitu." Nikaondoka sijaridhika.

11 Februari

Mama alikuwa sahihi na mimi nilikosea, na kosa langu linafundisha kuliko kitu chochote nilichofanya mpaka sasa.

Zile sapozitori mbovu za Jumamosi nilizisahau kwenye kabati la ndani, sehemu yenye ubaridi. Leo nazitoa ili nizitupe nakuta ni ngumu! Zinavunjika kwa mlio, tak. Nikazipima zinayeyuka kwenye 34. Mafuta yale yale, kalibu ile ile, siku tatu tu zimepita.

Nikakimbilia kwa supavaiza, shikamoo mwalimu, nikamweleza, akaniuliza swali moja tu: uliyeyusha kwa nyuzi ngapi? Sikupima. Niliweka bika, kile kikombe cha kioo cha maabara, juu ya maji yanayochemka nikasubiri yawe safi kama maji.

Basi ndo hapo. Siagi ya kakao ikiganda inaweza kujipanga kwa maumbo tofauti ya fuwele, vitabu vya famasi vinataja manne. Gama inayeyuka kama 18, alfa 22 mpaka 24, beta praimu 28, na beta yenyewe iliyotulia ndo ya 34 mpaka 35. Ukiyeyusha taratibu usivuke sana 34 unaacha vijifuwele vidogo vidogo vya beta ndani, ukimimina vinakuwa kama mbegu, mafuta mengine yanajipanga kwa kufuata mfano wao. Ukipasha mpaka yawe safi kabisa umeua mbegu zote, yakipozwa haraka yanaganda kwenye maumbo yale dhaifu, halafu yanachukua siku kadhaa kurudi kwenye beta yenyewe. Friji niliyodhani inanisaidia ndo ilizidi kuharibu.

Nimerudia leo leo. Nimekwangua siagi kwa grata ya karoti, nimeweka bika kwenye maji ya nyuzi 40, nakoroga kwa kijiti cha kioo, theluthi mbili zilipoyeyuka nikatoa bika nje nikaendelea kukoroga mpaka ikawa nzito kama maziwa ya mgando, haiangazi, ina ukungu. Themomita ilisoma 33. Nikamimina, nikaacha kwenye ubaridi wa kawaida, sio friji. Zimetoka zote 12, zinang'aa, ncha kali.

Jioni nimerudi kwa yule mama nimeomba radhi. Amecheka, kanifungia nusu kilo nyingine na kanipunguzia elfu moja.

15 Februari

Leo mahesabu. Kalibu imeandikwa gramu moja lakini gramu moja ya nini? Kila mafuta yana uzito wake, kwa hiyo unamimina besi tupu, unapima zote 12, unagawanya. Kakao yenyewe inanipa wastani wa gramu 0.96 kwa tundu, nitatumia hiyo.

Halafu dawa nayo inachukua nafasi. Paracetamol thamani yake ya kusukuma besi ni 1.5, maana yake kila gramu moja na nusu ya paracetamol inakaa sehemu ya gramu moja ya besi. Sapozitori 12 za miligramu 250 zinahitaji paracetamol gramu 3, na gramu 3 gawanya kwa 1.5 unapata 2. Besi ya kujaza matundu yote ni 12 mara 0.96, jumla 11.52, toa 2 inabaki 9.52. Ukisahau hiyo hesabu ukapima besi kama vile dawa haichukui nafasi, mchanganyiko unakubakia kwenye bika na dawa imo ndani yake, kila sapozitori inakuwa pungufu na huwezi kuliona kwa macho.

Nimeiandika kwenye karatasi nimebandika ukutani juu ya mizani.

22 Februari

Siku niliyokuwa naisubiri, kuchanganya. Mafuta ya msambu na siagi ya kakao yanaelewana kwa sababu molekuli zake zinafanana, oleiki katikati na zilizoshiba pembeni, tofauti ni kwamba msambu pembeni kuna steariki zaidi wakati kakao ina na palmitiki. Zikiganda pamoja hazigombani.

Nimetengeneza asilimia 10, 20, 30 na 40 za msambu. Msambu unayeyusha kwanza peke yake maana unataka joto zaidi, unaacha upoe, ndo unaingiza kakao iliyokwanguliwa kidogo kidogo ili mbegu za beta zisife.

Kupima kuyeyuka navuta mafuta kwenye kijibomba chembamba cha kioo kilicho wazi juu na chini, nakilaza usiku mzima sehemu ya baridi, asubuhi nakifunga na themomita kwenye bika la maji, napandisha joto nusu nyuzi nusu nyuzi mpaka kile kipande cha mafuta kinateleza kupanda juu. Ya 10 imepanda kwenye 34.5, ya 20 kwenye 35.5, ya 30 kwenye 37 kasoro, ya 40 imepita 38. Nimerudia mara tatu kila moja.

Ila namba ya kuyeyuka haitoshi. Nimeziweka nzima kwenye maji ya 37, kitabu kinataka sapozitori ya mafuta ilainike au iyeyuke ndani ya dakika 30. Kakao tupu dakika 8. Ya 20 dakika 15. Ya 30 ilifika 30 bado ina kijikokwa kigumu katikati. Ya 40 ilibaki imesimama inaniangalia. Hiyo ukimwekea mtoto itatoka kama ilivyoingia na homa yake iko pale pale.

Kwa hiyo jibu liko jirani na 20. Sikutegemea nafasi iwe nyembamba hivi.

1 Machi

Supavaiza ameniuliza swali zuri, kwa nini usitumie nta ya nyuki tu, mbona inajulikana? Kweli vitabu vinasema nta inapandisha, lakini chini ya asilimia 3 inashusha badala ya kupandisha, ikizidi 5 inapitiliza joto la mwili. Nimetengeneza ya asilimia 4 kwa nta niliyoichuja mwenyewe. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba kosa dogo la mizani, nukta chache tu kwenye bechi ndogo, linakutoa nje ya mstari, wakati msambu ukikosea kutoka 20 ukaenda 18 au 22 dawa bado ni dawa. Kwa mtu anayetengeneza kwenye kifamasi cha hospitali ya wilaya na mizani ya kawaida mi naona hilo ni jambo kubwa.

Ishu iliyobaki kwa msambu ni asidi. Nimetitreti, namba ya asidi, yaani kipimo cha asidi huru zilizomo kwenye mafuta, imetoka 5.8, na mafuta magumu ya viwandani ya sapozitori yanatakiwa yasizidi 0.5. Mbegu zikikaa na unyevu kabla ya kukauka mafuta yanaanza kuvunjika, na asidi hizo huru zinaweza kuwasha sehemu laini kama ile. Nimeosha mafuta kwa kostiki soda iliyozimuliwa sana, inatengeneza sabuni inabeba asidi inazama nayo, halafu maji ya moto mara tano mpaka karatasi ya pH ikatulia. Sasa ni 0.4. Nimepoteza gramu kama 90 za mafuta, sio mbaya. Ila dawa halisi ya hili ni huko Muheza, mbegu zikaushwe siku ile ile zinapotolewa kwenye tunda, nimeshampigia binamu.

9 Machi

Bechi ya kwanza yenye dawa. Besi 9.52, kati ya hizo msambu 1.90 na kakao 7.62, paracetamol gramu 3 imesagwa na kupitishwa kwenye chekeche. Kitu nilichojifunza hapa ni kumimina ikiwa nzito. Ikiwa nyepesi unga unazama wakati unamimina, tundu la kwanza linapata kidogo la mwisho linapata kingi. Ikiwa nzito kama mgando unga unabaki umeshikiliwa. Unajaza mpaka ivuke ukingo kidogo kwa sababu inajikunja ikipoa, halafu unakata juu kwa kisu kilichopashwa.

Nimetengeneza bechi mbili nikapima sapozitori 20. Kanuni inasema zisizidi mbili zinazoachana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na isiwepo hata moja ya zaidi ya 10. Nimepata moja tu nje ya 5. Nimekata nne katikati nikapima dawa kila nusu, juu na chini zinakaribiana. Nilikaa chini kwenye stuli ya maabara dakika kadhaa.

Watu wananiambia haya mambo ni ya viwanda vikubwa. Hapa hapa Moshi, kituo cha ngozi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza KiliSun, losheni ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino, na inatengenezwa na watu wetu. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba haiwezekani. Kabla ya mgonjwa yeyote kupewa kuna vipimo vya kukaa miezi, kuna TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kuna kamati ya maadili, na hizo hatua nitazipita zote moja moja.

16 Machi

Kahe. Nimemwomba jirani yetu anisindikize kwa sababu safari ni yake. Nimefunga kwenye foili sapozitori tupu zisizo na dawa, tatu za kakao peke yake, tatu za nta asilimia 4, tatu za msambu asilimia 20, nimeziweka kwenye mkoba wake ule ule na themomita inayokumbuka joto la juu kabisa. Hiace ya saa saba, tumekaa upande wa jua kwa makusudi, na gari limesimama standi dakika arobaini likijaza.

Tumeshuka Kahe, bibi katuwekea mkeka chini ya mwembe, themomita imesoma 34. Nimempa yeye afungue. Za kakao zimemwagika kwenye foili. Za nta zimepinda, moja imeshikana na foili. Za msambu amezitoa zikiwa zimesimama, moja ncha imebonyea kidogo na juu zimeanza kuteleza kama mtu aliyejipaka mafuta, lakini umbo ni lile lile. Ameigeuza geuza kwenye kiganja kwa muda, halafu akanionyesha inaanza kuyeyukia pale kati kati ya kiganja, akasema, "Sasa hii si ndo inavyotakiwa?"

Nimempimia kwenye kikombe na maji ya vuguvugu ya 37 niliyobeba kwenye chupa ya chai. Dakika 14.

Kesho naweka bechi ya 22, naona ile ncha iliyobonyea inaweza kupona, na nyingine 60 zinaingia kabatini kwa ajili ya miezi mitatu ya kwanza.